Kasoli ya Chini ya Maji

Saidi amekufa. Nimeandika hivyo kavukavu makusudi, kwa sababu tangu Ijumaa watu wananifungia habari hiyo kwenye maneno laini, ametangulia, amepumzika, ametutoka, na mimi nilichoka kufungiwa habari tangu nikiwa binti. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Bariadi, ungo mapajani, fimbo yangu imeegemea ukuta, nachambua mchele wenye mawe mengi kuliko mchele, ndipo simu ikaita. Alikuwa Zuhura, binti wa Saidi, anapiga kutoka pwani. Aliponiita shangazi kwa ile sauti ya chini nikajua kabla hajasema. Tulilia pamoja, yeye kule mimi huku, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Halafu Zuhura akapenga kamasi, akaomba radhi, akaniambia jambo la pili, na hilo la pili ndilo lililoniketisha kuandika. Nitalifikia. Kwanza lazima nisimulie mwaka mmoja, mwaka niliokaa kitandani katika chumba cha uani cha mjomba wangu nikitaka kitu kimoja tu duniani: kurudi Kasoli.

Mtu wa Simiyu akisikia hivyo atacheka. Kasoli ni hapo tu, ukitoka mjini unapishana na malori ya pamba, umefika. Lakini Kasoli ninayoisema mimi iko chini ya bahari, katika hifadhi moja ya pwani, na jina nililipa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo cha uvuvi, binti pekee katika kundi letu aliyekubali kuzamia, na wala si kwa ujasiri. Sikuijua bahari kiasi cha kuiogopa. Kazi yetu ilikuwa kuijua sakafu ya hifadhi ile: wapi ni mchanga, wapi ni tope, wapi nyasi bahari, wapi matumbawe, na nani anaishi wapi. Watu hudhani chini ya bahari ni maji tu. Tulishuka kwa kamba, tukatandaza utepe wa kupimia, tukaweka fremu ya bomba, na kila kilichokuwa ndani ya fremu tukakiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, jongoo bahari, sifongo, majani, kifusi, hata mashimo ya kaa. Saidi, mzaliwa wa pale pale, ndiye aliyekuwa mkuu wa wazamiaji, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaiota: usikanyage. Elea, Msukuma, elea, ukitua mguu umeua mtu na watoto wake. Mimi nilichokijua ni udongo. Mtoto aliyekulia kwenye pamba kwetu anajua udongo kabla hajajua kusoma: luseni ni ule wa mchanga mwepesi, mbuga ni ule mweusi unaonasa magari masika, ibambasi ni ule mgumu unaorudisha jembe. Nikajikuta nasoma sakafu ya bahari hivyo hivyo. Nikipanda botini nilimwambia Saidi leo tumeanzia luseni tukaishia ibambasi, naye alicheka mpaka boti ikatikisika, lakini haikupita muda na yeye akawa anasema luseni.

Vituo vyetu vya kupimia vilikuwa na namba, na namba huchanganyika. Saidi akasema, wewe umetoka mbali, tupe majina. Mwamba mmoja mrefu ulionyooka nikauita Malampaka, stesheni yetu ya treni, maana ulikaa kama tuta la reli. Shimo la tope ambako hakuna aliyetaka kupangiwa zamu nikaliita Lagangabilili, kijiji kimoja cha kwetu, na wenyeji wanisamehe, enzi hizo Bariadi yenyewe ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga na kule hakukuwa na ofisi za serikali kama leo. Na pale pazuri kuliko pote, uwanda wa matumbawe laini meupe yanayofumba na kufumbua kwa mkondo, nikapaita Kasoli. Nilipopaona mara ya kwanza niliona shamba la pamba iliyopasuka mwezi wa saba. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, na huo ni upumbavu, kwa sababu huwezi kupangusa.

Telegramu ilinikuta natoka majini: bibi mahututi, njoo. Bibi Holo, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Tulikuwa tumezamia mfululizo siku kadhaa, tunakimbizana na kazi kabla bahari haijachafuka, na bega langu la kushoto lilikuwa linauma. Nikadhani ni uzito wa mtungi. Saidi mwenyewe alinibebea begi mpaka kwenye basi la Dar es Salaam, na jioni ile nikaiwahi treni ya bara. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingeweza kulifanya hata angetaka. Wazamiaji wa pale wakitoka majini wanakwenda nyumbani, na nyumbani kwao bahari inasikika. Tulifundishwa kwamba ukizamia usipande ndege mpaka upumzike. Nani alitufundisha habari za treni? Nani aliwaza kwamba reli ile inapanda, inapanda, mpaka huku kwetu ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani? Hapakuwa na mzamiaji kabla yangu ambaye kwao ni juu. Hewa inayoshindiliwa kwenye damu ukiwa chini inataka kutoka polepole, na ukiinyanyua ghafla inafanya kama soda iliyofunguliwa. Yote hayo niliyajua baadaye, na niliyajua vibaya.

Dodoma nikasikia sisimizi kwenye nyayo. Tabora mkojo uligoma. Treni ilipofika Malampaka nikajaribu kusimama na miguu haikuwepo. Ilikuwepo, naiona, imevaa viatu, lakini haikuwa yangu. Wabeba mizigo walinitoa dirishani, na mmoja wao, mzee, akanisalimia mwangaluka kana kwamba nimeshuka mwenyewe, nami kwa mazoea nikamwitikia mhola, sina neno. Nilifikishwa Bariadi kwenye lori lililokuwa limetoka kushusha marobota ya pamba stesheni, nimelazwa juu ya turubai natazama mawingu. Lori lilipoingia uani kwa mjomba nikamwona Bibi Holo amekaa kwenye kigoda, anakula michembe. Alikuwa amepona tangu juzi yake. Aliwatazama wanaume wanavyonishusha, akaweka bakuli la viazi chini.

"Wewe si umekuja kunizika mimi," akasema, "mbona ndiwe unayebebwa?"

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Msimu wa pamba ulikuwa umeshika, na mjomba Masunga, ambaye alinunua pamba kwa wakulima na kuiuza, alikuwa ameijaza mpaka karibu na bati, kitanda changu kikabaki kwenye kijia cha mlangoni. Usiku pamba ile ilinuka vumbi na mafuta ya mbegu, mchana ilitoa joto. Ukutani palikuwa na bomba la kunyunyizia dawa, na kwenye rafu makopo ya dawa yenyewe. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa tofali mbichi na haukufika juu. Mjomba alisema atamalizia akiuza, na kila mwaka aliuza na hakumalizia. Kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilishuka kitandani kwangu. Nilijua nani kaja kabla hajaketi. Niliijua siku kwa chakula alichokileta Mama Kulwa, mke wa mjomba: siku ya gulio palikuwa na samaki wa Lamadi, siku nyingine ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati kilichobonyea. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alinigeuza, akanisafisha, akabadilisha ule mpira wa mkojo kama alivyoelekezwa hospitali, na hakuwahi kukunja uso mbele yangu, ila akifika sebuleni nilimsikia anashusha pumzi ndefu.

Na maneno ya sebuleni, Mungu wangu. Hospitali ya kwanza walisema malaria imepanda, nikachomwa kwinini. Ya pili wakasema kifua kikuu cha uti wa mgongo, nikala vidonge vilivyonigeuza mkojo rangi ya chungwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa madaktari wa mahali ambako hakuna mtu aliyewahi kuzama zaidi ya kina cha lambo la ng'ombe. Jamaa wa ukoo wakasema ni jini wa baharini, amenipenda na kunifuata mpaka bara, na ng'ombe mmoja akaenda kwa mganga wa kumtoa. Jini hakutoka. Wageni walikuja kunipa pole, wakainama kitandani wakaniambia utapona, wakarudi sebuleni wakakaa, na chai ilipomiminwa mmoja lazima aseme hujafa hujaumbika, na wengine wagune. Maskini binti wa watu, nani atamwoa. Na ile elimu yote. Bahari, bahari, Msukuma na bahari wapi na wapi. Mjomba alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba mtoto ataamka tu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza, kwa sababu nilisikia sauti yake inavyozidi kuchoka mwezi hadi mwezi.

Nitasema wazi nilivyokuwa. Nilikata tamaa. Siku hizi watu hulisema neno hilo kwa mambo madogo, umeme ukikatika wamekata tamaa. Mimi niliacha kula. Niliacha kuitikia salamu. Nililala nimegeukia pamba na nikajitembeza Kasoli kichwani, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ambako miguu haikuhitajika: nashika kamba, nashuka, luseni, nyasi bahari, ibambasi, halafu ule uwanda mweupe. Nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikahesabu kila jiwe. Nikifumbua macho, pamba. Na juu ya pamba, rafu, na kwenye rafu, makopo ya dawa. Nilianza kuyatazama yale makopo kwa namna ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Bibi Holo hakuwa na haja ya kuambiwa. Siku moja mchana aliingia, akaburuta kigoda, akapanda juu yake na mifupa yake ile iliyokuwa mahututi majuzi tu, akayateremsha makopo yote moja moja na kuyatoa nje. Kisha akarudi, akalaza godoro lake chini, mlangoni, na hapo ndipo akalala tangu siku hiyo. Nilimsikia tu anavyokoroma, nikamchukia kwa kukoroma kwake, na nikashukuru.

Saidi alikuja mvua za mwanzo zilipoanza. Barua zangu zilikuwa zimechukua muda kumfikia, na yeye akachukua muda kupata ruhusa, na alipopata akapanda treni ile ile. Niliisikia sauti yake uani, ile ya kuvuta maneno, anamwamkia Bibi shikamoo, na Bibi anaitikia marahaba huku anamwuliza mjomba kwa Kisukuma huyu Mswahili ametoka wapi. Alikuwa ameleta pweza mkavu, zawadi ya heshima kabisa kwao. Bibi alimgeuza yule pweza mikononi, akahesabu mikono yake, akasema kiumbe chenye mikono mingi hivyo hakiingii kwenye chungu chake hata kwa dawa, na akampa Mama Kulwa akamtundike nje, ambako mbwa alimwiba kabla ya jioni. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Malampaka, na mbavu ziliniuma. Saidi aliingia chumbani, akasimama katikati ya pamba, akatazama huku na huku, akasema kumbe pamba yenyewe ndiyo hii. Nikamwambia ndiyo hii. Akakaa chini. Alinisimulia kazi inavyokwenda, nani amechukua fremu yangu, kobe aliyekuja kulala Malampaka, na Kasoli, Kasoli imefunguka mwaka huu kuliko mwaka jana. Nilimwuliza nitarudi lini. Akasema utapona, Msukuma, utarudi. Alisema hivyo akiangalia mikono yake.

Alasiri akatoka kukaa na mjomba sebuleni. Nilidhani watazungumza safari. Saidi alianza kwa kuomba radhi, na mjomba akamwuliza radhi ya nini, na ndipo Saidi akaeleza yote: hewa katika damu, kina, treni inayopanda. Akasema wamemwuliza daktari wa wazamiaji. Akasema kuna chumba cha chuma, huko huko pwani, ambako mzamiaji aliyepatwa anafungiwa na hewa inashindiliwa humo mpaka mwili udhani uko chini tena, kisha anapandishwa polepole, na wengi hutoka wanatembea. Mjomba akauliza basi tumpeleke, nitauza ng'ombe waliobaki. Saidi akasema chumba kile husaidia siku zile za kwanza tu. Sasa miezi imepita. Kila siku mliyomtibu malaria, mzee wangu, ndiyo iliyokuwa siku yake, na mimi ndiye niliyempandisha basi. Nikamsikia mwanaume yule analia, na mjomba anamwambia nyamaza, kijana, atasikia, na wakakubaliana kwa sauti ya chini kwamba mimi nisiambiwe, nisije nikavunjika moyo.

Ukuta haukufika juu. Nililala nikiangalia ile nafasi kati ya tofali na bati. Kama nina siku niliyozeeka, ni hiyo.

"Nimesikia," nikasema.

Mama Kulwa aliyekuwa anapepeta uani akaacha. Sikuwa nimepaza sauti. Saidi aliondoka kesho yake, hakuweza kuniangalia vizuri, nami sikumsaidia. Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda. Ningemkasirikia nani? Treni? Bibi, kwa kutokufa?

Bibi Holo hakuwa amesikia, masikio yake yalikuwa mazito; ilibidi nimwambie mwenyewe. Nilimwambia kwa ukatili, nikataka aumie. Nilimwambia palikuwa na dawa, Bibi, na nyie mliniletea mganga wa jini, na sasa imepita, na Kasoli sitaiona tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyo daktari wa chumba cha chuma amekuona wewe kwa macho yake? Nikasema hapana. Akasema, basi, ng'wanawane, amesema ya kwake. Mwanangu, amesema ya kwake. Akatoka, na baada ya muda nikasikia jembe.

Kwetu mtoto akichelewa kusimama huchimbiwa shimo. Anawekwa humo wima, udongo unarudishwa mpaka kiunoni, anaachwa asimame na ardhi ikimshikilia, apate kujua kusimama kukoje. Ni mambo ya watoto wa mwaka na nusu. Bibi alichimba la mtu mzima. Alichagua pembe ya ua yenye luseni, akamkemea mjomba aliyetaka kuchimba karibu na mlango: pale ni mbuga, itamnasa na kumbana, mnataka kumsimamisha au kumfukia? Mjomba akasema mama, tumwache mtoto na heshima yake. Bibi akamwambia heshima ameilalia, imemsaidia nini. Wakanibeba. Nilikuwa nimekonda kiasi kwamba kunibeba hakukuwa kazi. Wakaniteremsha, wakarudisha mchanga uliopata joto la jua, wakaushindilia kwa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu treni nikawa wima, naona ua wote: kuku, kamba ya nguo, mlima wa kuni wa Mama Kulwa. Nililia kwa aibu. Majirani walichungulia juu ya ua wa minyaa, na wao Bibi aliwaambia waingie wakae, hapa hakuna siri.

Kila asubuhi ikawa hivyo, mvua isiponyesha. Saidi alikuwa amenifundisha usikanyage, na Bibi, aliyekaa mbele yangu na kigoda chake, neno lake lilikuwa moja: kanyaga. Nikimwambia sisikii chochote alisema kanyaga hivyo hivyo. Na ili nisilie aliniuliza habari za kule. Uko wapi sasa, aliniuliza siku ya kwanza, kwa sababu aliona macho yangu yamekwenda. Nikasema Kasoli. Akataka kujua Kasoli ipi. Nikamwelezea, na kwa kuwa nilikuwa na luseni yangu na ibambasi yangu, alinifuata hatua kwa hatua, na akaanza kuuliza maswali ambayo chuoni hatukuulizana. Mbegu inashika vipi kwenye maji yanayokwenda? Nikamwambia inaelea mpaka ipate pagumu, mchanga hauishiki, kwa hiyo pamba ile inaota penye ibambasi. Alishangaa sana, pamba kwenye ibambasi! Nani anapalilia? Nikamwambia samaki, wapo wanaokula magugu tu siku nzima, wakiondoka majani yanafunika kila kitu. Akasema basi mkiwavua hao mmekula wapaliliaji wenu. Nikasema ndiyo, Bibi, ndiyo tulichokuwa tunataka kuwaambia watu. Akasema si uwaambie. Nikasema niwaambie nikiwa kwenye shimo? Akasema mbona mimi unaniambia.

Asubuhi moja, mchanga ukiwa bado na umande, nilisikia baridi kwenye kidole gumba cha kulia. Sikusema. Niliogopa. Nilikaa nayo ile baridi mpaka jua likaikausha, na kesho yake ikaja tena, na hapo ndipo nikamwambia Bibi kuna baridi. Hakushangilia. Alisema, kanyaga. Mguu wa kulia ulirudi kama mgeni mwenye haya, akija, akiondoka, akija. Wa kushoto haukurudi wote hadi leo. Pamba ya msimu uliofuata ilipoanza kuletwa, nilikuwa naweza kuvuka ua kwa fimbo, na chumba changu kikahitajika, nikahamishiwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta. Mjomba alinipeleka Mwanza kwa daktari aliyekuwa anajua mambo haya, na huyo hakuninong'oneza. Aliniambia usoni kwamba nimebahatika kusimama, na nikishuka tena majini hata mara moja nitapoteza hata hicho nilichopata. Nikamshukuru. Tulirudi Bariadi. Bibi Holo alikufa muda mfupi baada ya mavuno, bila telegramu, akiwa amelala, na nilimfuata mpaka kaburini kwa miguu yangu na fimbo. Nilimzika, kama nilivyokuwa nimekuja kufanya.

Nikawa mwalimu wa jiografia. Simu za mkononi zilipofika kwetu Saidi alikuwa wa kwanza kunitafuta, tukasameheana bila kutaja cha kusameheana, na tangu hapo kila Idi nilimpigia mimi, kila Krismasi alinipigia yeye. Tuliulizana watoto, tukataniana. Aliniuliza kama bado nanuka mbuga, nikamwuliza kama bado anakula vyenye mikono minane. Na mwisho, kila mara, nilimwuliza swali moja. Kasoli hajambo? Naye kila mara alijibu hajambo, Msukuma, imefunguka. Mwaka hadi mwaka, imefunguka. Nilikata simu nikashika chaki, na watoto darasani hawakujua kwa nini mwalimu leo mpole.

Basi jambo la pili la Zuhura ni hili. Yeye ni mzamiaji wa hifadhi ile ile, alirithi kazi ya babaye. Aliniambia, "Shangazi, Kasoli ilikufa nikiwa bado shule. Maji yalipata joto, ikanyauka yote, sasa ni kifusi na utando. Baba alitukataza kukwambia. Alisema yule dada yangu ana Kasoli tu, msimnyang'anye."

Nilimkasirikia maiti, nitasema kweli. Nilikaa na ungo ule wa mchele nikamtukana Saidi kwa Kisukuma na Kiswahili. Mara ya pili! Mara ya pili mtu huyu anasimama upande wa pili wa ukuta na kuamua moyo wangu utavunjika kwa lipi. Miaka yote hiyo nimekuwa naenda Kasoli usingizini na hakukuwa na Kasoli. Halafu hasira ikaisha, ikabaki ile hali ya zamani, ile ya kugeukia pamba. Siku mbili sikupika.

Lakini kwenye simu ile ile Zuhura hakuwa ameishia hapo. Alisema sasa kuna mpango wa kuruhusu boti za wageni zitie nanga pale, na wapo wanaosema hakuna cha kulinda, pale palikuwa kifusi tangu mwanzo. Vibao vyetu vya mwaka ule havipo, ofisi ilihama mara nyingi. Yeye anasema ibambasi bado ipo chini ya kifusi, mbegu ikija ingeshika, kama nanga hazitakuja kuisaga. Lakini nani atasema palikuwa na nini? Waliopaona pakiwa hai walikuwa wachache, na wa mwisho aliyebaki kule wamemzika Ijumaa. Anaomba nimweleze nikiwa tayari. Si lazima leo, shangazi.

Leo asubuhi nimeamka, nimekunywa uji, nimekwenda kwa fimbo mpaka ile pembe ya ua wa mjomba, ambao sasa ni ua wa Kulwa mwanawe. Shimo lilijaa zamani, pameota mchicha. Nikaomba kigoda, nikakaa, nikampigia Zuhura. Aliniuliza shangazi umelala? Nikamwambia tulia, tafuta pa kukaa, uandike, na usinikate njiani kwa sababu nikikatwa naanza upya. Nikasikia anahangaika na karatasi, kisha akasema niko tayari.

"Shika kamba, mwanangu," nikamwambia. "Tunaanzia luseni. Usikanyage."